Ardhi au nchi? Jibu kwa dada ambaye kwaya yake imegombana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko huku Marekani, nipo kwenye kwaya ya mtaani, watu mchanganyiko. Kiongozi wetu kachagua tuimbe "This Land Is Your Land" kwenye sherehe ya tarehe 4 Julai, basi mazoezi yakageuka mabishano. Mzee mmoja anasema huo ni wimbo wa wakomunisti yeye haimbi. Mama mmoja anasema ni wimbo wa watoto wa shule tu, tusikuze mambo. Na kijana mmoja ambaye bibi yake ni Muhindi Mwekundu kasema wimbo huo ni matusi kwa watu wake, akabeba koti lake akatoka. Mi nimebaki katikati. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba dada. Pole na hiyo kwaya, ila ujue hayo mabishano yenu ni ya zamani kuliko nyie wote, yameanza kabla hata wimbo haujatoka kwenye santuri. Na hao watu wako watatu kila mmoja ameshika kipande chake cha kweli, shida ni kwamba hawajafundishwa wimbo mmoja. Jina moja, sauti moja, lakini beti walizojifunza tofauti kabisa.

Kwanza nikuulize kitu. Ukitaka kuutafsiri huo mstari wa kwanza kwa Kiswahili utasemaje? "Nchi hii ni yako" au "Ardhi hii ni yako"? Jaribu kuvisema vyote viwili kwa sauti. Cha kwanza kinakuwa wimbo wa taifa, watu wanasimama, mkono kifuani. Cha pili kinakuwa kesi, mtu anaanza kuulizia hati na mipaka. Neno lao wenyewe, "land", linabeba vyote viwili kwa mpigo na hawalazimiki kuchagua, sisi lugha yetu inatulazimisha. Mi nimefundisha historia ya muziki miaka mingi na huwa naanzia hapo kila mara, kwa sababu ugomvi wote wa huo wimbo uko ndani ya hilo neno moja. Mama yako wa shule anaimba "nchi". Kijana aliyetoka amesikia "ardhi". Na mzee wako naye amesikia "ardhi" ila kwa namna nyingine, amesikia mtu anataka kugawa mashamba ya watu.

Sasa tuje kwa mtunzi mwenyewe. Woody Guthrie alizaliwa 14 Julai 1912 kwenye mji mdogo unaitwa Okemah, jimbo la Oklahoma. (Huo mji ukumbuke, nitarudi, maana ndo penye utamu wa hii habari.) Akahamia Texas kijana, akakutana na zile dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 zilizomaliza mashamba, akaondoka na wale maelfu ya watu waliokuwa wanakimbilia California na magodoro juu ya gari. Na huko California hawakupokelewa na maua. Mwaka 1936 polisi wa Los Angeles walipeleka askari mpaka kwenye mipaka ya jimbo kuwarudisha watu maskini walikotoka, yaani Mmarekani anazuiwa na Mmarekani mwenzake kuingia jimbo jingine la nchi yake mwenyewe, kosa lake hana hela. Ukishalijua hilo basi kuna ubeti wa ukuta, nitaufikia, utakuingia vizuri zaidi.

Mwanzoni mwa 1940 Woody akasafiri kwenda New York wakati wa baridi kali, njiani anaomba lifti. Na kila alikopita, kwenye redio na kwenye zile mashine za kutumbukiza sarafu zinapiga santuri, anakutana na wimbo uleule, "God Bless America", umeimbwa na Kate Smith. Ulikuwa umetoka redioni Novemba 1938 na ukawa moto. Mtunzi wake Irving Berlin alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyeletwa na wazazi wake wakikimbia Urusi, kwa hiyo yeye alipoomba Mungu aibariki Marekani alikuwa anashukuru kutoka moyoni, tusimwonee. Lakini Woody alikuwa ametoka kuona watu wanalala chini ya madaraja, akaona huu wimbo unawafunika watu shuka usoni. Akachukia.

Tarehe 23 Februari 1940, kwenye chumba cha hoteli ya bei chee inaitwa Hanover House, karibu na kona ya mtaa wa 43 na Sixth Avenue, akaandika jibu. Ile karatasi ipo mpaka leo na ukiiona utaelewa mambo mengi kuliko vitabu vitatu. Beti sita kwa mwandiko wake. Kila ubeti uliishia kwa maneno kwamba Mungu aliibariki Marekani kwa ajili yangu, yaani anamjibu Berlin moja kwa moja, tena kwa kejeli. Halafu baadae akaja akakata huo mstari kwa kalamu na juu yake akaweka ule unaojulikana sasa, kwamba ardhi hii iliumbwa kwa ajili yako na yangu. Chini kabisa kaandika sentensi moja, kwamba unachoweza kuandika ni kile tu unachokiona, kasaini, katia tarehe.

Yaani wimbo ulizaliwa kama kijembe. Baadae ndo ukawa wa kushangilia, kwa kalamu ya mtunzi huyohuyo. Hapo ndo mi huwa natofautiana na wenzangu wanaopenda kusema wimbo ulikuwa mkali halafu "wakubwa" wakaupora wakaulainisha. Sio uongo, ila sio ukweli wote. Kidole cha kwanza kuulainisha kilikuwa cha Woody mwenyewe, na mi nadhani alifanya vizuri, kwa sababu kejeli inachosha haraka, lakini mtu ukimpa neno "yako" akaliimba kwa mdomo wake mwenyewe linamganda.

Mahadhi yenyewe hakuyatunga. Alichukua kwa Carter Family, ile familia ya waimbaji kutoka Virginia, nao walikuwa wamejenga juu ya nyimbo za kanisani za Kibaptisti. Kodi tatu tu za gitaa (sio kodi ya nyumba), mtoto wa darasa la nne anaipiga. Hii ni sababu kubwa sana ya wimbo kuishi na watu huwa hawaitaji, wanahangaika na siasa tu. Wimbo wa watu ukiwa mgumu kuimbika unakufa hata kama maneno ni dhahabu.

Sasa beti zenyewe. Zile za kwanza unazijua, barabara kama utepe, mabonde ya dhahabu, mchanga wa jangwa unaong'aa, kutoka California mpaka kisiwa cha New York. Hizo ndo alizofundishwa mama yako wa shule. Lakini kwenye ile karatasi kuna mbili nyingine. Moja anasema alikuta ukuta mrefu unamzuia, umebandikwa bango limeandikwa mali binafsi, lakini upande wa nyuma wa bango hakujaandikwa kitu. Basi. Hatukani mtu, anachungulia tu nyuma ya bango. Mi naona huo ndo mstari mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika, maana unakuachia wewe umalize. Upande mmoja wa lile bango kuna mwenye mali, upande wa pili kuna nani? Nyingine anasema asubuhi moja kwenye kivuli cha mnara wa kanisa aliwaona watu wake wamepanga foleni kwenye ofisi ya misaada, wana njaa, na yeye kasimama pale anajiuliza, hivi kweli hii imeumbwa kwa ajili yetu? Kanisa liko hapo, ofisi iko hapo, foleni iko kwenye kivuli. Kwenye ile karatasi ndo ubeti wa mwisho, yaani wimbo uliishia na swali.

Wimbo ukakaa kwenye karatasi miaka minne. Mwaka 1944 Woody akiwa baharia kwenye meli za mizigo wakati wa vita, akashuka New York akaingia studio ndogo ya Moses Asch akarekodi nyimbo kwa fujo, nyingi sana, na huu ukiwemo. Toleo lenye ubeti wa ukuta lilirekodiwa lakini halikutoka, santuri iliyotolewa mwaka 1951 haikuwa nao, na lile lingine likalala kwenye maktaba mpaka watu wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, walipolitoa mwaka 1997. Miaka 53! Katikati hapo watoto wa Marekani walishaimba wimbo shuleni vizazi viwili.

Na uliingiaje shuleni? Hapa ndo pana kichekesho. Miaka ya 1950 ndo ile miaka ya kuwinda wakomunisti, Pete Seeger, mwimbaji rafiki yake Woody, aliitwa mbele ya kamati ya bunge mwaka 1955, akagoma kujibu, akahukumiwa na baadae hukumu ikafutwa. Woody mwenyewe alikuwa ameandika safu kwenye gazeti la wakomunisti, hilo halina ubishi na mzee wako hajakosea hapo. Lakini miaka hiyohiyo kampuni ya muziki iliyoshika haki za wimbo ilikuwa inaruhusu wachapishaji wa vitabu vya shule kuutumia kwa ada ndogo mno, basi ukasambaa kila darasa, bila ukuta, bila foleni. Kwa hiyo mtunzi anaonekana hatari na wimbo wake unaimbwa na watoto wa chekechea asubuhi kabla ya maziwa. Woody wakati huo alikuwa anaumwa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaokula mishipa ya fahamu, mikono haishiki gitaa tena. Mwanae Arlo amesimulia kwamba baba yake alimfundisha zile beti zilizoachwa kwa sababu aliogopa asipozifundisha zitapotea. Alifariki 3 Oktoba 1967.

Kwa hiyo mpaka hapo una kambi mbili, wale wa beti nne na wale wa beti sita, na ugomvi wao ni rahisi kuuelewa. Ndo maana Januari 18 mwaka 2009, kwenye tamasha la kuapishwa Obama pale Lincoln Memorial, Washington, lilikuwa jambo kubwa. Seeger ana miaka 89, kavaa kofia ya kufuma ya rangi rangi, mwimbaji Bruce Springsteen pembeni, na mzee anafanya kile walichokuwa wanafanya wazee wa zamani kwenye kwaya zisizo na vitabu, anatamka mstari kwanza halafu umati unaimba. Kwanini? Kwa sababu anajua hawazijui hizo beti. Ukuta ukaimbwa, foleni ya misaada ikaimbwa, mbele ya rais mteule. Kwa upande wa beti sita hiyo ilikuwa kama kesi imeshinda rufaa.

Ila kijana wako aliyebeba koti hajahesabiwa kwenye kambi hizo mbili. Na kwangu mimi swali lake ndo gumu kuliko yote, kwa sababu ukiongeza zile beti mbili haumjibu. Unamzidishia tu. Ukimwambia "ona, Woody alipinga mali binafsi, alisema ardhi ni ya wote", yeye atakuuliza wote nani? Ilikuwa ya wote lini? Ilikuwa ya kwetu.

(Halafu dada, hilo jina la Muhindi Mwekundu liache, wao wenyewe hawalipendi. Sema Wamarekani wa asili, au bora zaidi muulize bibi yake ni wa taifa gani, ni Mcherokee, ni Mlakota, ni nani, kila mtu ana jina lake.)

Hii sio hoja ya vijana wa mitandaoni kama wengine wanavyodai. Seeger mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba mwaka 1968, kwenye ile kambi ya maskini iliyopigwa Washington baada ya Martin Luther King kuuawa, wimbo huu ulipoimbwa mzee mmoja wa Walakota, Henry Crow Dog, aliwanyooshea kidole akawaambia mnakosea, ardhi hii ni yangu. Seeger hakulisahau, na kwenye majukwaa yake baadae ulikuwepo ubeti wa nyongeza unaokumbusha nani alikuwepo kwanza. Mwaka 2019 mwanamuziki Mali Obomsawin, wa taifa la Abenaki, aliandika kwenye jarida la Smithsonian, yaani kwenye nyumba yenyewe inayotunza santuri za Woody, kwamba wimbo huu unawafuta watu wake. Na Jennifer Lopez alipouimba kwenye kuapishwa kwa Biden 20 Januari 2021 lawama zilirudi zilezile.

Sasa nilikuambia ukumbuke Okemah. Huo mji ulianzishwa mwaka 1902 ndani ya nchi ya Creek, moja ya mataifa ya Wamarekani wa asili, wakati Oklahoma hata haijawa jimbo, imekuja kuwa jimbo 1907. Creek walikuwa wamefukuzwa huko kusini mashariki miaka ya 1830 wakapelekwa hapo na kuahidiwa ni pao, halafu serikali ikaja ikakata ardhi yao ya pamoja vipande vipande, kila mtu na kiwanja chake, na watu weupe wakaingia kununua, wengine kwa haki na wengi kwa ujanja. Na unajua baba yake Woody, Charley, alikuwa anafanya biashara gani pale? Alikuwa mnunuzi na muuzaji wa viwanja. Yaani yule aliyekuja kuandika kuhusu bango la mali binafsi alikula, alivaa na kulelewa kwa hela za hiyo biashara, mpaka ilipofilisika. Simlaumu mtoto kwa kazi ya baba. Lakini alipochungulia nyuma ya bango akaona hamna kitu, kijana wako ana haki ya kusema umechungulia vibaya, rudi uangalie tena, kuna jina la bibi yangu hapo.

Na bado. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya McGirt, majaji watano kwa wanne, ilisema lile eneo la Creek halikuwahi kufutwa kisheria, kwa mambo ya jinai bado linahesabika ni ardhi yao. Okemah iko humo ndani. Kwa hiyo ukienda leo ukasimama chini ya tangi la maji la mji ule, limeandikwa hapa ni nyumbani kwa Woody Guthrie, kisheria unasimama ndani ya eneo la Creek. Mi sijui wimbo gani mwingine duniani ambao mtunzi wake amezaliwa juu ya swali lake mwenyewe namna hiyo.

Hilo tangi nalo lina kisa, maana mji wenyewe miaka mingi ulikuwa hautaki kusikia habari zake, wazee wa pale walikuwa na msimamo kama wa mzee wako, mkomunisti hapewi heshima. Jina liliandikwa kwa rangi kwenye tangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tamasha la kila mwaka la kumkumbuka likaja kuanza 1998. Siku hizi wageni wanalipia vyumba kwa ajili yake.

Halafu kuna habari ya hakimiliki, hii fupi ila inachekesha. Woody alikuwa anatania kwenye vitabu vyake vya nyimbo kwamba atakayekamatwa anaimba bila ruhusa basi huyo ni rafiki yetu mkubwa. Mwaka 2004 vijana wa tovuti ya katuni ya JibJab wakatengeneza katuni ya kuwacheka wagombea urais Bush na Kerry kwa mahadhi ya wimbo huu, kampuni yenye haki ikawatishia kesi. Mawakili wao wakafukua, wakakuta Woody alishauchapisha wimbo kwenye kijitabu mwaka 1945 anakiuza senti 25, kwa hiyo wakasema muda wa ulinzi ulishapita zamani. Wakayamaliza nje ya mahakama. Kesi nyingine ikaja 2016, ikafutwa 2020 bila jaji kusema wimbo ni wa nani. Wimbo wa kupinga bango ukabandikwa bango, na hadi leo nyuma yake hakujaandikwa kitu.

Sasa umeniuliza nani yuko sahihi. Mzee wako yuko sahihi kuhusu mtu, amekosea kuhusu wimbo, maana wimbo ulishamtoka mtunzi zamani, mpaka wanasiasa wa pande zote mbili wameutumia kwenye kampeni. Mama wa shule yuko sahihi kwamba ndivyo alivyofundishwa, na watu wengi waliufundishwa hivyo kwa upendo kabisa, ila akisema tusikuze mambo anasahau kwamba mambo yalikuwa makubwa tangu mwanzo, yeye ndo alipewa yaliyopunguzwa. Kijana yuko sahihi zaidi ya wote, ingawa mi nisingetumia neno matusi. Woody hakuwatukana watu wa asili. Hakuwaona. Na mtu aliyeandika chini ya karatasi yake kwamba unaandika unachokiona, hilo ni kosa zito kwa kipimo chake mwenyewe, sijui kama kuna aibu kubwa kuliko hiyo kwa mwandishi.

Kama mngekuwa kwaya yangu ningefanya hivi. Kabla ya mazoezi mengine mtu mmoja, na nadhani ni wewe, amtafute huyo kijana, sio kumbembeleza arudi aimbe, kumuuliza tu bibi yake ni wa wapi na angependa nini kisemwe kabla ya wimbo. Akisema hataki kisemwe kitu na hataki kuimba, sawa, msimfuate fuate. Halafu kama mtauimba imbeni beti zote sita, na ule wa foleni muuweke mwisho kama ulivyo kwenye karatasi, msirudie kiitikio baada yake. Najua kiongozi wenu atataka kumalizia kwa kishindo na makofi kwa sababu ni tarehe 4 Julai, mwambie ajaribu mara moja tu mazoezini kuishia kwenye lile swali aone chumba kinavyonyamaza. Na msiupandishe sana, funguo ya G inatosha, wazee wenu wakipelekwa juu zaidi ya hapo watapiga kelele badala ya kuimba.